Mnyoo wa plastiki wa zamani: namna ya kuufufua, kuutengeneza na kuuvulia makobo

Lilikuwa bati la biskuti, na kutu ilikuwa imekishika kifuniko hadi nikakifungua kwa bisibisi. Mama alikuwa anahama nyumba yetu ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, Kongo, kwenda kukaa kwa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, na sisi watoto tulikuwa tunatoa vitu chini ya kitanda kimoja kimoja. Ndani ya bati kulikuwa na minyoo. Minyoo ya plastiki, mirefu kama kiganja changu, imelaliana: myeusi, ya zambarau, mingine yenye mkia mwekundu. Kabla sijaitazama vizuri harufu yake ilikuwa imeshanifikia, tamu kama pipi za utotoni.

"Hiyo ni ya papa yenu," Mama akasema. "Pasta alimuachia siku ile alipopanda ndege."

Papa, yaani baba yetu, alikuwa dereva wa misheni ya Wamethodisti, na pasta huyo Mmarekani alikuwa mtu wa kuvua samaki kila alipopata nafasi. Papa mwenyewe hakuwahi kuvua kwa minyoo ile. Aliitunza kwa sababu ilikuwa ya rafiki yake.

Mpwa wangu aliushika mmoja akauvuta, ukarefuka, akauachia, ukarudi. "Mjomba, hii ni chambo ao ni mchezo ya batoto?"

Hiyo ilikuwa mwaka 2021. Tangu siku hiyo sijavua kwa chambo kingine kwenye maji yenye majani. Kazi yangu ni kubobina mota, yaani kuzizungushia waya upya, hapa Lubumbashi, karibu na soko la Kenya (Kenya ya kwetu ni mtaa, si nchi), na Jumamosi mchana nikifunga karakana ninapakia mti wa kuvulia kwenye kinga, yaani baiskeli, na kwenda zangu. Ninayoandika hapa nimeyashika kwa mikono yangu, na ninayaandika kwa sababu vijana wengi wanaoanza kuvua kwa chambo bandia wananunua vitu vinavyong'aa, vyenye macho, mapezi na mikia ya kutikisika, kisha wanarudi nyumbani mikono mitupu wakisema bwawa halina samaki. Samaki wapo. Wamekimbia kelele.

Huu mnyoo una asili yake. Mwaka 1949, huko Akron, Ohio, Marekani, mtu aitwaye Nick Creme na mkewe Cosma walipika plastiki jikoni kwao hadi wakapata mnyoo laini unaofanana na nyungunyungu wa kweli. Akron ni mji wa viwanda vya matairi kama vile sisi tulivyo mji wa shaba. Miaka miwili baadaye walikuwa wakiuuza kwa posta, mitano kwa dola moja. Baadaye kampuni yao ilihamia Tyler, Texas, na kwenye maziwa ya huko, yaliyojaa visiki na majani, wavuvi wakabuni namna ya kuuvika ndoano ambayo nitaieleza hapa chini, inayoitwa mtindo wa Texas hadi leo. Mwaka huohuo wa 1949, hapa kwetu, wakati mji ukiitwa Elisabethville, wataalamu wa samaki wa Kibelgiji na wa Kiingereza walikutana kuzungumzia ufugaji wa samaki, kwa kuwa mabwawa ya Katanga, pamoja na yale ya Kipopo, yalikuwa yanaanza kupata sifa. Pande hizo mbili hazikujuana kabisa, lakini mimi nikiwa nimekaa kando ya bwawa la shamba, na mnyoo wa Ohio mkononi, ninaziona zimekutana.

Samaki aliyetengenezewa mnyoo huu ni blakibasi, samaki wa Amerika Kaskazini mwenye kinywa kikubwa. Afrika aliletwa na watu: Ziwa Naivasha, Kenya, alitiwa mwaka 1929. Rekodi yake ya dunia ni kilo 10 na kidogo. George Perry aliiweka mwaka 1932 kule Georgia, na Manabu Kurita akaifikia mwaka 2009 kwenye Ziwa Biwa, Japani. Mimi blakibasi sijamvua hata siku moja. Ninavua makobo, wale samaki wa jamii ya Serranochromis wenye kinywa kipana na meno madogo makali, wanaokula vitoto vya tilapia. Si ndugu wa blakibasi kwa ukoo. Kwa tabia ni kama wamelelewa nyumba moja: makobo hajichoshi kwa kukimbiza. Anajificha pembeni ya majani au chini ya mti ulioanguka, anangoja kitu kidogo kipite, kisha anafungua kinywa ghafla na maji yanaingia pamoja na hicho kitu. Samaki wa namna hiyo ndiye mnyoo huu ulitengenezwa kwa ajili yake.

Kwanza, ile ya zamani: ipi inafaa, ipi imekufa

Ukibahatika kupata minyoo ya zamani, usiitupe kwa sababu imejikunja au imebadilika rangi. Imwage juu ya gazeti, uishike mmoja mmoja. Plastiki hii ni PVC iliyolainishwa kwa mafuta maalumu, na miaka ikipita mafuta hayo hutoka polepole. Ndiyo sababu mingine unaikuta inanata, na mingine imekuwa migumu kama mkanda wa saa. Ukiukunja kichwa kikagusa mkia na usipasuke, mnyoo huo ni mzima. Ukipasuka au ukibaki umejikunja kama msumari, uweke kando kwa kuyeyushwa.

Iliyopinda hunyooka kwa maji ya moto. Chemsha maji, yaepue, shika mnyoo kwa koleo la nyusi au vijiti viwili, uzamishe nusu dakika hivi. Utauona unalegea. Utoe, ulaze kwenye sahani tambarare yenye maji baridi na uunyooshe kwa kidole. Ukipoa hivyo, umebaki hivyo. Usiidharau hatua hii. Mnyoo uliopinda huzunguka majini unapouvuta, na mshipi wote unakusokotana hadi mulinee yako, ile roda ya kukunjia mshipi, inatoa mafundo.

Iliyokatika huunganishwa kwa moto. Pasha moto ncha ya kisu cha zamani juu ya mshumaa, weka kisu katikati ya vipande viwili vikiguse kwa pamoja, hesabu mbili, uchomoe kisu na kusukuma vipande vishikane. Ngoja. Mahali pa kiungo patakuwa na kovu, na kovu hilo huwa gumu kuliko sehemu nyingine zote. Nina mnyoo mmoja wa zambarau wenye makovu matatu.

Kwenye bati la Papa kulikuwa pia na ile ya mtindo wa mwanzo kabisa: imeshonwa ndoano tatu ndani, na mbele yake ina ushanga mwekundu na kifeni kidogo cha bati. Hiyo inavuliwa mahali peupe tu, unaivuta polepole na kifeni kinazunguka. Penye majani ndoano zake tatu zitashika majani matatu. Nimeitoa ndoano kwenye mingi nikabaki na mwili peke yake.

Na jambo moja la kuangalia: minyoo mipya inayovutika sana kama mpira wa kombeo ni plastiki ya aina nyingine kabisa. Usiilaze pamoja na hii ya zamani. Zikigusana siku kadhaa zinayeyushana na kuwa gundi. Hii ya PVC nayo hula visanduku vigumu vinavyoonyesha ndani, vile vya bei rahisi. Nilipoteza kisanduku kizuri hivyo, nikakikuta kimelainika chini na minyoo imezama ndani yake. Tena rangi huhamana: mweusi ukilala na mweupe mwezi mmoja, mweupe hautakuwa mweupe tena.

Kuyeyusha na kumimina

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu hapa ndipo mtu anaweza kuumia.

Unahitaji mnyoo mmoja mzuri wa kuwa mama wa wengine. Chagua ulionyooka, wenye pingili za mwilini zinazoonekana. Chukua kisanduku cha plastiki kama cha siagi, upake tone la gundi tumboni mwa mnyoo na kuubandika chini ya kisanduku. Paka mafuta kidogo, ya kupikia yanatosha. Kisha koroga jasi, ile poda nyeupe ya mafundi wa plafo, yaani dari: mbili za jasi kwa moja ya maji, hadi iwe kama uji wa mtoto. Mimina polepole kutoka pembeni, si juu ya mnyoo, ili hewa isibaki chini. Gonga kisanduku mezani mara kumi au kumi na tano, mapovu yapande. Nusu saa baadaye jasi inakuwa ya vuguvugu kisha inapoa. Pindua kisanduku, jasi itoke, na uuchomoe mnyoo kwa kuuinua mkia kwanza. Utaona umeacha kitanda chake, hata zile pingili.

Sasa subiri wiki nzima. Ninasema wiki nzima, na kama ni kipindi cha mvua subiri mbili. Mara ya kwanza nilisubiri siku mbili, nikaamini jua. Jasi ilikuwa kavu kwa nje na ndani ina maji. Plastiki ya moto ilipogusa, maji yale yakawa mvuke na plastiki ikaruka. Alama iko kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto, na ninashukuru ilikuwa mkono na si jicho. Tone moja la maji kwenye plastiki ya nyuzi 170 linatosha. Kwa hiyo: jasi ikauke, kisha ipakwe gundi nyeupe ya maseremala iliyoongezwa maji kidogo, mara tatu, na kila safari ikauke kabisa kabla ya nyingine. Gundi hiyo huziba vinyweleo vya jasi na kumfanya mnyoo atoke aking'aa.

Kuyeyusha kunafanywa nje, upepo ukiwa mgongoni mwako. Si barazani, si chini ya dirisha la jirani. PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi inayochoma pua na mapafu, na watoto wasiwepo karibu. Vaa miwani, glavu za ngozi na mikono mirefu. Kikombe cha chuma utakachotumia, chenye mdomo wa kumiminia, kisirudi jikoni tena maisha yake yote. Mimi nimekitoboa tundu kwenye mkono na kukiandika kwa rangi nyekundu ili mtu yeyote nyumbani asikosee.

Usiweke kikombe juu ya makaa moja kwa moja. Chukua sufuria mbovu, ijaze mchanga mkavu, iweke juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, na kikombe ukizike mchangani hadi nusu. Mchanga hugawa joto sawasawa na makaa hayawezi kukushtukiza. Mnyoo uliokufa ukate vipande vidogo kama punje za mahindi, utie kidogo kidogo, ukikoroga kwa kijiti cha chuma. Mwanzoni vipande vinashikana na kuwa donge baya, na hapo watu wengi huongeza moto. Usiongeze. Endelea kukoroga. Donge litaanza kulegea pembeni, kisha kung'aa, kisha kwa ghafla litakuwa kama asali inayodondoka kwenye kijiti kwa uzi mmoja usiokatika. Hapo ni kati ya nyuzi 170 na 180. Mimi ninapima kwa kile kipimajoto cha waya kinachochomekwa kwenye multimeta, chombo changu cha kazini. Kama huna, tumia macho na pua: ikianza kugeuka njano na kutoa moshi mweupe wenye kuchoma, imepita. Iondoe motoni, rudi nyuma, acha ipoe.

Mimina kwa mkondo mwembamba, kuanzia mkia ambako pamebana, ukielekea kichwani, bila kusimama. Jaza hadi plastiki iinuke kidogo juu ya ukingo, kwa kuwa ikipoa hushuka. Dakika tano baadaye unaweza kuinua kwa ukucha. Utapata mnyoo wenye tumbo tambarare na mgongo wa mviringo. Umbo hilo si kasoro: tumbo tambarare linaufanya ushuke majini ukiwa mlalo, polepole kidogo.

Ile migumu sana haiwezi kulainika peke yake. Changanya mmoja mgumu na miwili ambayo bado ni laini na inanata. Laini itamgawia mgumu mafuta yake. Mpwa wangu aliniuliza kama tunaweza kuyeyusha viatu vya plastiki vya watoto, vile vinavyouzwa kwa mafungu sokoni. Nilimkatalia. Hujui kilichochanganywa ndani, hujui moshi wake una nini, na ukipata mnyoo mgumu utakuwa umevuta moshi huo kwa bure.

Rangi? Kwenye maji ya kahawia ya kipindi cha mvua, mweusi au zambarau iliyokolea, kwa sababu samaki anaona kivuli. Kwenye maji safi ya kiangazi, kahawia kama nyungunyungu. Sina zaidi ya hayo kuhusu rangi. Watu hupoteza muda mwingi hapo.

Chubwi la shaba

Wengi huyeyusha risasi ya betri za magari kupata chubwi, ule uzito wa kuuzamisha mshipi. Tafadhali, usifanye nyumbani. Risasi ni sumu kwa mtoto anayetambaa kwenye ua huo kesho yake. Hapa Katanga tuna shaba, nayo ina uzito mzuri: kwa ujazo uleule, risasi ikiwa na gramu 11 na theluthi, shaba ina karibu 9.

Chukua waya wa shaba wa milimita 1.5, unene halisi, sentimita 32. Hizo ni karibu gramu 5. Zungusha juu ya msumari wa milimita 2: mizunguko 12 iliyobanana, kisha urudi juu yake kwa mizunguko 9, ukiacha mizunguko 3 ya mbele wazi. Chomoa msumari. Una chubwi la urefu wa milimita 18, jembamba mbele na nene nyuma, lenye tundu katikati. Ncha za waya zipige tupa hadi kidole kisikwaruzwe. Kisha ingiza ndani ya tundu kipande cha ganda la plastiki kutoka waya mwembamba, kwa sababu shaba tupu itaukata mshipi wako taratibu na utakuja kulia siku ya samaki mkubwa. Kwenye kina cha mita moja au moja na nusu, gramu 5 zinatosha. Penye maji machache zaidi sitii chubwi kabisa, mnyoo unashuka kwa uzito wa ndoano.

Kuivika ndoano

Pitisha mshipi kwenye chubwi, upande mwembamba ukitazama fimbo, kisha funga ndoano moja kubwa yenye shina refu. Kagua ndoano kabla ya kununua: ikunje kwa koleo. Niliwahi kununua pakiti nzima kwa muuzaji mmoja, zikanyooka kama pini samaki wawili wa kwanza walipovuta. Ndoano nzuri hukataa.

Sasa shika mnyoo mkono wa kushoto. Choma ncha ya ndoano katikati kabisa ya kichwa, iingie nusu sentimita, kisha itokeze pembeni, upande wa tumbo. Vuta ndoano nzima ipite hadi jicho lake tu libaki limezama kichwani. Igeuze nusu mzunguko ili ncha iutazame mwili. Acha mnyoo uning'inie, uone kiwiko cha ndoano kinaangukia wapi mwilini, na uweke alama kwa ukucha. Hapo kwenye alama ndipo pa kuchoma, si juu yake wala chini yake. Ukunje mwili kidogo, uchome moja kwa moja hadi ncha iguse ngozi ya upande wa pili bila kutokeza. Inua juu, tazama. Mnyoo uning'inie umenyooka kama uzi wa timazi wa mwashi. Ukikunjamana, umechoma chini mno. Ukivutika, umechoma juu mno. Toa, rudia. Mimi bado hurudia mara mbili mara tatu, na mvua ikinyesha pia.

Ncha ikifichwa hivyo unaweza kuutupa katikati ya matete, ukapita juu ya tawi, ukadondoka upande wa pili bila kushika kitu.

Kuvua

Bwawa ninalovua zaidi ni la shamba, kwenye njia ya Kasenga. Mwenye shamba ni mzee wa makamo ya Papa. Nikifika kwanza ninakwenda kumsalimu, ninakaa, ananiuliza habari za Mama, ndipo ninaomba njia. Usiingie kwenye bwawa la mtu kwa sababu tu huoni ukuta. Yeye ananiruhusu kwa furaha, kwa kuwa tilapia wake huzaana hadi wanadumaa, makobo wanawapunguza, na mimi ninamwambia wale wakubwa wako upande gani.

Simama mita mbili nyuma ya ukingo. Tupa karibu na majani, si katikati ya maji. Kisha acha mshipi ulegee, mnyoo ushuke wenyewe. Hii ndiyo siri ambayo ile minyoo yenye mikia ya kutikisika iliisahaulisha: mnyoo wa zamani haufanyi kitu. Unashuka, unayumba kidogo, unalala chini. Makobo aliyekuwa akiutazama hana sababu ya kuuogopa. Wengi wanaumeza ukiwa bado unashuka, na mkononi hutahisi kitu. Kwa hiyo tazama mshipi mahali unapoingia majini. Ukiruka kama umeguswa na mdudu, au ukianza kutembea pembeni, ni yeye.

Usipoona kitu, hesabu hadi ishirini. Polepole. Mpwa wangu alikuwa akihesabu kama anayekimbizwa, nikamwambia ataje majina ya ndugu zetu wote wa upande wa Mama, kila jina na pumzi moja. Kisha inua fimbo taratibu hadi ielekee juu ya kichwa cha mtu aliyesimama ng'ambo, mnyoo utajikokota na kuinuka. Shusha fimbo, kunja mshipi uliolegea, ngoja tena. Mtupo mmoja unaweza kuchukua dakika tatu. Ni sawa.

Utakapohisi tap-tap, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha, usivute hapo hapo. Shusha fimbo kuelekea kwake, kunja mshipi hadi unyooke, kisha piga kwa nguvu, maana ndoano inabidi itoboe kwanza plastiki ndipo ifike kwenye kinywa.

Wakati bora kwangu ni mwezi wa kenda hadi wa kumi na moja, joto likipanda kabla mvua hazijachafua maji, kuanzia saa kumi na moja jioni. Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu hushuka chini ya nyuzi 10, samaki wanalala chini na hawataki shughuli. Wakati huo hesabu hadi arobaini, na uvue saa sita mchana.

Ukimtoa makobo, mfungue kinywa kabla ya kitu kingine. Jike hubeba mayai na watoto mdomoni. Ukiona punje za njano au vitu vidogo vinavyocheza ndani, mrudishe majini mara moja, umshike chini ya maji hadi aondoke mwenyewe.

Na maji yenyewe uyajue. Mito mingi inayopita karibu na migodi na mitambo yetu imebeba metali, na watafiti wamezipima hata kwenye samaki wa Ziwa Tshangalele, ziwa lile la bwawa la Mwadingusha kwenye Lufira. Inaniuma kuandika hivi, kwa kuwa Papa alitupeleka kule tukiwa wadogo, tukala samaki na bukari, yaani ugali, kando ya maji. Siku hizi nikivua mahali ambapo maji yanatoka upande wa mgodi, ninarudisha kila nilichopata. Wa bwawa la mzee, lililo juu ya kijito kisicho na kitu juu yake, ninampelekea Mama.

Mnyoo uliochanika usiuache majini wala ukingoni. Hauozi, na samaki akiumeza unabaki tumboni mwake. Nina mfuko wa nailoni mfukoni kwa ajili ya vipande, pamoja na vya wavuvi wengine ninavyoviokota. Jioni vinaingia kwenye chupa ya chakavu, na chupa ikijaa ninawasha mbabula. Minyoo mizima inarudi kwenye bati la Papa, rangi moja moja, kila moja ndani ya mfuko wake. Kutu ya kifuniko niliisugua kwa mafuta ya taa na msasa. Sasa kinafunguka kwa kidole gumba.